Ngao, chapa na jina la mama

Hapa Modogashe, kaskazini mwa Kenya, kaburi la tajiri na la mchunga mbuzi wa watu ni tuta lile lile la mchanga: jiwe kichwani, jiwe miguuni, matawi ya miiba juu kuzuia fisi. Jina hakuna. Mimi ni mzaliwa wa Mambrui, na kwetu kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Ukishuka kusini hadi Gedi utakuta kaburi lenye mwaka uliochongwa, 802 Hijria, yaani 1399. Wageni wanaotoka kwenye makaburi kama hayo wakifika huku husema, naam, huu ndio usawa wa Kiislamu. Mimi huwaambia waende kisimani kwanza, wawatazame ngamia.

Kila ngamia anayekunywa pale ana chapa ya moto, ya shingoni, ya shavuni au ya pajani. Huyu ana mistari miwili, yule duara, mwingine alama iliyopinda kama ndoana. Mtoto wa madrasa huisoma kutoka mbali akakwambia mnyama ni wa ukoo gani. Kisha mwombe akuhesabie abtirsi yake, yaani nasaba yake kwa Kisomali. Atakutajia baba, babu, baba wa babu, aendelee hivyo hadi majina ishirini na zaidi, wala hatababaika. Hao wote wamelala chini ya matuta yasiyo na jina, na hakuna hata mmoja aliyesahaulika. Nasaba yao imehamia kwenye ngozi za wanyama na vinywa vya watoto.

Nilizikumbuka chapa hizo mjini Nuremberg, Ujerumani, nilipokwenda kumwona binti yangu anayesoma huko, akaniingiza katika kanisa la St. Lorenz. Mle zimetundikwa ngao za wafu: mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, kila moja na nembo ya ukoo, na juu ya nembo kofia ya chuma ya vita. Ni za wanaume wa koo zilizoutawala mji. Ukoo mmoja wa huko, Holzschuher, nembo yake ni kiatu cha mbao. Alama hiyo ukiichoma kwenye paja la ngamia, mtu wa huku Modogashe ataikariri asubuhi moja tu. Majivuno nayo yalikuwapo. Ngao zilizidi kuwa kubwa na za gharama, hata mwishoni mwa karne ya 15 baraza la mji likaamuru watu watundike vibao vya kawaida.

Kilichonishughulisha zaidi ni maandishi ya pembeni. Binti yangu alinitafsiria kwa taabu, maana ni Kijerumani cha kale: siku ya kufa, jina, halafu ombi kwamba Mungu amrehemu. Maneno hayo nimeyasikia matangani maisha yangu yote. Basi ile ngao, pamoja na fahari yake, ilikuwa inaomba. Ilimshika mpita njia mkono imwambie, niombee. Kisha mwaka 1525 mji ukafuata mafundisho ya Luther, ambayo hayakuona faida ya kuwaombea waliokufa. Ngao ziliendelea kutundikwa vile vile. Ombi likapungukiwa na kazi, nembo ikabaki na kazi yake yote.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza makaburi yasipakwe chokaa wala yasijengewe. Lakini pia aliweka jiwe kichwani pa Uthman bin Madh'un ili alijue kaburi la nduguye. Kumjua maiti ili umwombee hakuna ubaya. Ubaya ni kumhesabu. Sura ya At-Takathur inawakemea watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi hadi wakayazuru makaburi, na baadhi ya wafasiri wanasimulia kwamba koo mbili za Makureshi zilitambiana hata kwa idadi ya wafu wao. Kaburi la mchanga haliwezi kumzuia mtu kufanya hivyo. Ukoo wenye majina ishirini mdomoni una ngao tayari, na ngao hiyo haina hata nafasi ya kuandika ombi.

Tena ni ngao ya wanaume watupu. Wazee walipokutana mwaka 2001 na kutoa Azimio la Modogashe kuhusu amani ya kaskazini, fidia ya mtu aliyeuawa ilipangwa kuwa mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mwanamke alipewa nusu. Katika abtirsi hapewi hata nusu.

Nimeona mahali pamoja tu ambapo mambo hugeuka. Tulikuwa tumemzika mzee mwenye ngamia wengi, mwanandani umefunikwa, mchanga umesawazishwa. Imamu akachutama upande wa kichwa ili asome talkini, ambayo humwita maiti kwa jina la mamake. Akauliza, "Mamake aliitwa nani?" Wanawe wakatazamana. Mkubwa wao ni bingwa wa nasaba, watu humwita kuamua kesi za visima.

"Sheikh, sisi tulimwita ayeyo tu."

Ayeyo, yaani nyanya. Imamu hakusubiri. Akamwita mzee yule mwana wa Hawa, kama ilivyoelekezwa kwa asiyejulikana mamake, akaendelea kumkumbusha Mola wake na Mtume wake.

Masheikh vijana wanataka talkini iachwe, kwa kuwa hadithi yake ni dhaifu. Kuhusu udhaifu wa hadithi siwapingi. Hata wanazuoni wa Kishafii walioipendelea wameukiri. Ila nimewaomba, kabla hawajaiondoa, wanionyeshe mahali pengine hapa Modogashe ambapo mwanamume huulizwa jina la nyanya yake mbele ya watu.