Nati za Tezini

Wafikirie, ewe msomaji, manahodha wawili wanaovusha abiria kati ya Mokowe na mji wa Lamu. Kila mmoja ana boti ya mbao, na katika tezi ya kila boti imefungwa mashine kwa bolti nne. Asubuhi hii wote wawili wamewasha mashine zao bila ya kugusa hata nati moja. Wa kwanza amevuka salama, akapokea nauli yake na kusifiwa kwa mwendo wake mzuri. Wa pili, mashine yake imeng'oka katikati ya mkondo ikazama, na boti iliyojaa wazee na watoto ikachukuliwa na maji. Watu watamlaumu wa pili, na wa kwanza hatatajwa kamwe. Je, hiyo ni haki?

Swali hili si geni. Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, alitoa mfano wa mwenye meli aliyeingiwa na shaka juu ya uzima wa chombo chake kikuukuu. Badala ya kukipeleka kikaguliwe, alijipa moyo kwamba kimekwisha kwenda safari nyingi na kurudi. Meli ikaondoka na wahamiaji, ikazama nao. Clifford alihukumu kwamba mtu yule alikuwa na hatia, na kwamba hatia yake isingepungua hata kidogo kama meli ingefika salama.

Mimi nakubaliana naye, na hoja yangu naitoa katika bolti yenyewe. Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, mithili ya mpira, na kule kuvutika ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Nati nayo haishikwi na kitu ila msuguano. Mashine inapotetemeka, vitu vilivyobanwa huweza kuteleza huku na huku kwa kadiri ya unywele. Hapo msuguano hushindwa kwa nukta moja, na nati hurudi nyuma. Mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alilieleza jambo hili mwaka 1969, akaonyesha kwamba mtetemo wa kwenda upande waweza kuifungua nati pasipo mkono wa mtu. Katika boti ya mbao yako na mengine: ubao hulowa ukavimba, hukauka ukanywea, na pengine huanza kuoza chini ya chuma.

Basi tazama ajabu iliyopo. Kila safari iliyokwisha salama ilizidi kuilegeza nati, na papo hapo ikazidi kuikaza imani ya nahodha. Jambo aliloliita ushahidi wa usalama ndilo lililokuwa likimsogeza kwenye hatari. Methali ya ufa na ukuta mmeisikia mara nyingi mno, lakini hapa haitoshi, kwa sababu ufa huonekana na kila apitaye. Nati iliyolegea kwa nusu mzunguko haionekani ila na yule aliyekwenda kuitafuta.

Kuitafuta kwenyewe si kazi kubwa. Mashine ikiwa imezimwa, nahodha huishika kwa mikono miwili akaitikisa, aone kama inacheza. Huinama akatazama chini ya kila nati kama pana michirizi myekundu ya kutu, maana chuma kinachosogea aghalabu hulia machozi ya rangi hiyo. Kisha hutia spana kwenye kila nati kwa zamu, wala hakazi kwa hasira, kwani bolti iliyokazwa kupita kiasi hukatika, au meno yake huisha. Wengine huchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na juu ya ubao. Mstari ukiachana, nati imezunguka. Hila hii naipenda sana, kwa kuwa humzuia mtu asidanganywe na kumbukumbu yake.

Yamkini utaniambia kwamba siku nyingi nahodha atakuta nati zote zimekaza, na kwamba siku hizo amepoteza wakati. Sivyo. Mama aliyempakata mtoto hawezi kwenda tezini kuinama. Macho yake amemkabidhi nahodha, na nauli aliyolipa haikuwa ya kununua bahati. Nahodha aliyekagua, kisha bolti ikakatika kwa ufa uliojificha ndani ya chuma, atahuzunika, lakini hana hatia.

Lakini mfano wa Clifford wamhusu mwenye meli peke yake, na botini tumo na sisi. Chukua boti iendayo Faza, ambayo ni lazima ipite mlango wa Mkanda kabla maji hayajakupwa. Nahodha ametoa spana. Abiria wanaguna: "Twende, bwana, maji yanatuacha!" Naye anairudisha spana chini ya kiti. Amri ilikuwa yake, na aliweza kukataa, hilo halimwondokei. Hata hivyo siwezi kuwatoa bure wale waliomhimiza, kwani walitaka lile lile alilotaka mwenye meli wa Clifford: hatari isiyoonekana ihesabiwe kuwa haipo. Nawe, kama ungekuwa umekaa miongoni mwao, ungesema nini? Usinijibu upesi. Kumbuka kwamba mtihani wako unakungoja ng'ambo, kwamba watu wote botini wangegeuka kukutazama, na kwamba nati, kwa uwezekano mkubwa, zimekaza.