Mwenye Faida Ndiye Mwenye Dhamana

Ndugu zetu Waislamu, biashara katika dini yetu ni jambo tukufu, Mtume wetu (S.A.W.) aliifanya, na miji yetu ya mwambao imeishi kwayo. Basi asitudhanie mtu kuwa twailaumu. Tulilaumulo ni kuigawa biashara mafungu mawili, faida ikapakiwa melini na madhara yakaachiwa masikini.

Mfano hauko mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, tangu 2007 mpaka 2014 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Betri ilipasuliwa, tindikali yake ikamwagwa, na risasi iliyomo ikatiwa motoni. Risasi ikauzwa ng'ambo. Moshi na vumbi vikawashukia watu wapatao 3,000, vikaingia hata katika damu ya watoto. Nayo risasi huharibu ubongo wa mtoto na hudhuru mimba, wala hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama.

Wala si huku tu. Marekani ilipokaza sheria yake ya risasi hewani mwaka 2008, betri kuukuu zilizovushwa kwenda Mexico zilizidi miaka iliyofuata. Kazi chafu huhama penye sheria kali ikaenda penye sheria hafifu.

Mtume (S.A.W.) alikataza kwenda haja njiani, na kivulini, na penye maji ya watu. Ikiwa uchafu huo, ambao mvua huuosha, umekatazwa, yasemweje juu ya risasi isiyooza katu? Na mafakihi wametufunza kuwa faida haiachani na dhamana: mwenye kula matunda ya kitu ndiye mwenye kuibeba hasara yake. Bahari haiikati dhamana hiyo.

Aliyeanza kusema ni Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile kile, na mwanawe mwenyewe alikwisha kudhurika. Mwaka 2020 mahakama iliwahukumia wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi baada ya tanuri kuzimwa!

Nasi wa mjini tuna neno letu. Betri ya gari ikifa, huja mnunuzi wa vyuma vikuukuu mlangoni na bei yake. Pesa azitoazo ni sehemu ya faida ile ile. Basi kabla ya kuzipokea yatupasa tumwulize aipeleka wapi, na nani huiyeyusha, na nani akaa karibu na tanuri hilo. Akikataa kujibu, asiuziwe.