Shamba la Anathothi
(Yeremia 32:1–27)



Neno la mwezi huu twalipeleka hasa kwa Wakristo wa Ushirombo na wa nchi yote ya dhahabu, toka Kahama hata Geita. Huko maneno mawili husikiwa katika nyumba moja. Mzee asema, Siku zetu zilikuwa njema. Mizinga ilijaa asali, wana walikaa nyumbani, kila mtu aliujua mpaka wa shamba lake. Kijana ajibu, Shamba litanipa nini? Liuzwe, nipate fungu langu katika duara. Mmoja atazama nyuma, mwingine ataka kuondoka, nao wote wawili waiogopa kesho. Ndiyo sababu hawasikilizani.

Kwanza nasema na wazee, kwa heshima. Siku hizo mnazozililia hazikuwa na utulivu kama moyo unavyozisimulia. Babu za Wasumbwa hawakukaa nyumbani. Walikwenda kwa miguu hata Katanga kutafuta shaba na pembe, na mmoja wao, Msiri, akatawala huko Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Je, mama za watu wale hawakuketi mlangoni wakiitazama njia, kama ninyi mnavyowangoja wana wenu watoke mashimoni? Tena katika miaka ya 1920 na 1930, malale yalipozidi magharibi ya Tanganyika, serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi ili wakae pamoja, mbali na mbung'o. Makao yao ya kwanza yakawa mahame, miti ikaota penye meko. Na mwaka 1974 wengi wakahamishwa tena, waingie vijijini. Kukumbuka si dhambi. Lakini Waisraeli walikumbuka samaki na matango ya Misri (Hesabu 11:5), wakayasahau matofali.

Na ninyi vijana, mgodi wa kale wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mpya ukaanza kazi mwaka 2000. Buzwagi karibu na Kahama ulianza mwaka 2009, ukaisha mwaka 2021. Sisemi kwamba kuchimba ni uovu. Mchimbaji hula kwa jasho kama mkulima, na pengine jasho lake ni kubwa zaidi. Lakini auzaye shamba la nyumba nzima kwa ajili ya duara asilojua chini yake mna nini, huyo hakutumaini, amebahatisha.

Tumtazame Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, naye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Jamaa yake Hanameli amjia, amtaka anunue shamba lililoko Anathothi, mwendo mfupi nje ya mji, ambako adui amekwisha kupita. Mfanya biashara angecheka. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha katika mizani, kama dhahabu inavyopimwa kwenu, akatia sahihi mbele ya mashahidi; na Baruku akaagizwa kuitia hati katika chombo cha udongo, ikae siku nyingi. Maana Bwana aliahidi kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Lipo jambo hapa ambalo sisi wahubiri huliruka upesi. Baada ya kulipa, Yeremia aliomba, na katika sala yake alishangaa: mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe waniambia ninunue shamba? Alilipa kwanza, ndipo akauliza. Wala Mungu hakumkemea. Alimjibu kwamba hakuna lililo gumu kwake. Basi mwenye hofu asidhani kwamba hana tumaini. Yeremia aliogopa, na fedha ilikuwa imekwisha kulipwa. (Wengi wetu hupenda kutaja mti wa tofaa ambao Luther angeupanda hata kama dunia ingekwisha kesho. Maneno hayo hayakuonekana katika vitabu vyake; yalianza kuonekana Ujerumani mwaka 1944, wakati wa vita. Yeremia yatutosha.)

Basi, mzee, usiishie kusimulia mipaka; mpeleke mwanao akaione, ukamwandikie fungu lake mbele ya mashahidi. Nawe kijana, kabla hujashuka duarani, panda kitu shambani.

Nasi tumenunuliwa, si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo (1 Petro 1:18–19), aliyelazwa katika mwamba uliochongwa akatoka siku ya tatu. Wapendwa wetu waliofunikwa na kifusi, na wale ambao makaburi yao yalibaki mahameni hata hayaonekani tena, yeye awajua walipo.

Yeremia hakulilima shamba lile. Alichukuliwa kwa nguvu mpaka Misri (Yeremia 43), wala Maandiko hayasemi kwamba alirudi. Lakini wakati wa Koreshi mfalme wa Uajemi watu walitoka Babeli kurudi kwao, wakahesabiwa mji kwa mji; na katika hesabu hiyo (Ezra 2:23) wameandikwa watu wa Anathothi, 128.