Haki ya Mwalimu wa Kike

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu wa pwani, maneno yangu ya leo ni juu ya wanawake wanaosimama mbele katika kuwasomesha vijana dini na kuwatumikia watu. Najua ya kuwa wengi wetu, tusikiapo neno "mwanamke" na neno "mbele" yamewekwa pamoja, masikio husimama. Tulieni kwanza. Nitaanza mbali na bahari, kisha nitarejea majumbani mwetu, na huko majumbani ndiko liliko deni ninalotaka kulidai.

Huko bara, katika mkoa wa Mara, wilaya ya Tarime, iko kata iitwayo Kemambo. Ni nchi ya Wakurya, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mtu wa Tanga au wa Mombasa akisikia dhahabu hudhani wenyeji wake wamestarehe. Walakini dhahabu haimlindi mtoto wa kike. Ifikapo Desemba, shule zikifungwa, ndipo katika koo nyingi za nchi ile huanza msimu wa kuwakeketa wasichana. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo hesabu ya serikali ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha ya kuwa katika mkoa wa Mara, kwa kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 32 walikuwa wamekeketwa. Wazee wengine huona hiyo ndiyo heshima ya ukoo, na ng'ombe wa mahari nao wamo ndani ya hesabu. Msichana akikataa, hana pa kulala.

Nani basi aliyewafungulia mlango? Wanawake. Katika Masanga, humo humo wilayani Tarime, kiko kituo cha Kikatoliki ambacho masista wamekuwa mstari wa mbele katika kukiendesha. Msimu wa kisu ukifika, wasichana kwa mamia hukimbilia hapo. Hulala, hula, husomeshwa habari za miili yao na haki zao, na mwisho hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima pasipo kukatwa. Kisha wazazi wao hutafutwa kwa suluhu, ili mtoto arejee kwao kwa amani. Na katika Mugumu, wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa nyumba ya hifadhi mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kianglikana, na aliyeiongoza ni Bi Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa usichanani mwake, nusura roho imtoke. Mwaka 2017 akaasisi jumuiya yake kwa kazi hiyo hiyo.

Mtaniambia: "Hao ni Wakristo, nasi yatuhusu nini?" Kumbukeni mapatano ya Fudhuli yaliyofungwa Makka, nyumbani kwa Abdallah bin Judaan. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemeni alidhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Kikureshi, naye hakuwa na ukoo wa kumtetea. Wakakutana watu, wakaapa kuwa pamoja na aliyedhulumiwa hatta haki yake imrudie. Wengi wao walikuwa waabudu masanamu. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alihudhuria akiwa kijana, kabla ya utume. Na baada ya Uislamu alieleza ya kuwa lau angeitwa tena katika mapatano kama yale, angeitika. Basi mwenye kumtetea mnyonge hatumwulizi kwanza anasali wapi.

Na asije mtu akanong'ona ya kuwa kisu kile kina asili katika dini yetu. Mwezi wa Novemba mwaka 2006 maulamaa walikutana Al-Azhar, Misri, naye Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alikuwa miongoni mwao, wakatamka ya kuwa ukeketaji ni desturi isiyo na msingi katika Kurani wala katika hadithi iliyo sahihi. Hilo limekwisha.

Sasa turejee kwetu. Imeingia katika vichwa vya watu ya kuwa mwanamke kusomesha na kuongoza kazi za umma ni jambo la kuzuka. Lakini Bibi Shifaa binti Abdallah ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume alijua na akaridhia. Ni huyo Hafsa aliyewekewa amana kurasa za Kurani zilizokusanywa. Bibi Aisha zimepokewa kwake hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wanaume walikuwa wakimwendea kuuliza waliyoyashindwa. Katika vita vya Khandaki, Bibi Rufaida alikuwa na hema lake msikitini kwa Mtume, akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh akalazwa humo. Msikitini, ndugu zangu, si uani.

Tena tazameni Sokoto, katika nchi ya Hausa. Bibi Nana Asmau, binti wa Shehu Usumanu dan Fodio, aliyezaliwa mwaka 1793 na kufariki mwaka 1864, aliona ya kuwa wanawake wa vijijini hawana wa kuwasomesha. Akawafundisha wanawake wenzake mafungu kwa mafungu, akawapa mabibi viongozi kofia maalumu ya nyasi iwe alama yao, nao wakatoka kwenda vijijini, wakarudi na wanafunzi. Aliwatungia masomo kwa mashairi, kwa lugha zao wenyewe, ili yaingie moyoni upesi. Naye alisomeshwa na baba yake, Shehu mwenyewe.

Nasi tunaye Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Wanaume wa pwani huzipenda sana zile beti za kumtii mume, na huzisoma arusini kwa sauti nzuri. Ni wachache wanaokumbuka ya kuwa aliyezitunga ni mama aliyekuwa mgonjwa, aliyeshika wino na karatasi akamsomesha mwanawe.

Mimi mwenyewe alifu yangu nilisomeshwa na bibi mmoja wa mtaani kwetu. Chuo chake kilikuwa baraza ya nyumba, mikeka miwili, na mvua ikinyesha tulibana ukutani. Senti zetu za Alhamisi ndizo zilizokuwa mshahara wake, na mtoto yatima hakutozwa. Aliwafundisha vijana Kurani, akaosha maiti za wanawake, akawalea wazazi waliojifungua bila wa kuwahudumia. Alipokufa, msikitini kwetu yakasomwa majina ya walimu waliotangulia ili waombewe dua. Nilingoja jina lake. Halikutajwa, na katika sisi tuliokaa pale, nusu tulikuwa wanafunzi wake. Nami sikunyanyua mkono, na aibu hiyo ninayo hatta leo.

Hilo ndilo deni. Masista wa Masanga wana nyumba yenye paa na vitanda, kwa kuwa wako waliotoa mali. Walimu wetu wa kike wana nini? Mali ya wakfu hutengeneza mnara na kununua zulia, na misikiti kadha wa kadha ya pwani hii ilijengwa kwa mali ya wanawake. Lakini mwalimu mwanamke akitaka chumba cha kusomeshea mabinti huambiwa asubiri. Likitajwa jambo la chuo, kamati hukaa wanaume watupu, na anayejua ni mtoto gani hakuja wiki mbili, na kwa sababu gani, yuko jikoni anapika kahawa yao.

Basi Ijumaa ijayo, baada ya sala, mwulize mweka hazina wa msikiti wako: mwalimu wa kike wa mtaa huu hupewa nini kwa mwezi? Akikujibu kuwa hupewa dua, mwulize kama imamu naye hulipwa dua. Kisha nenda nyumbani, umwulize binti yako ni nani aliyemfundisha Alhamdu, ukamwendee mtu huyo mlangoni kwake.

Wabillahi taufiki.