Chombo Kikuukuu: Kutengeneza au Kubadilisha?

Kila mwenye nyumba huijua shida hii: chombo kilichomtumikia miaka mingi kimeanza kuugua, naye hajui kama inampasa kukitengeneza au kununua kingine. Wengi hudhani kwamba shauri hili ni la fedha tu. Mimi naona ni la moyo pia, na nitalieleza kwa mfano wa watu wanaosumbuliwa nalo sana, yaani wapenzi wa redio.

Katika nchi nyingi wako watu walioruhusiwa na serikali kuweka nyumbani mashine ya redio ya kupelekea na kupokea maneno, wapate kusemezana na wenzao wa mbali. Hawalipwi mshahara, huifanya kazi hiyo kwa kuipenda tu. Kila mmoja hupewa jina la kuitwa hewani. Majina ya Tanzania huanza na 5H, na ya Kenya 5Z. Tena siku za mafuriko au tufani, simu zikikatika, mara nyingi hao ndio waletao habari.

Huko Marekani, katika mji wa Benton Harbor, ilikuwako kampuni iliyoitwa Heath, iliyouza mashine hizo zikiwa vipande vipande. Mnunuzi alipewa vipande pamoja na kitabu cha maelezo, akaketi usiku kwa usiku akiunga kila waya kwa mkono wake. Mashine moja iliyopendwa sana ni HW-101, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Ndani yake mna vali za kioo, na mbili kati ya hizo ni kubwa, za kutia nguvu katika sauti iendayo hewani. Mwaka 1992 kampuni ilitangaza kwamba inaiacha kazi hiyo. Vijana walioziunga mashine hizo leo ni wazee, na mashine zao zimezeeka pamoja nao.

Magonjwa ya uzee wake yajulikana. Kapasita za kutuliza umeme hukauka ndani, sauti ikaanza kunguruma. Swichi hushika uchafu. Vali huchoka. Tena mashine ikipata joto, huhama kidogo kidogo katika masafa, hata mwenye kusikiliza mbali hulazimika kuifuata kama mtu afuataye ng'ombe asiyefungwa.

Basi mwenye mashine hiyo husikia sauti mbili. Ya kwanza yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, badili kapasita, safisha swichi, nayo itasema tena." Ya pili yasema, "Nunua mpya, isiyohama, yenye masafa yote." Neno hili nalo lina haki yake. Mwaka 1979 mkutano wa mataifa huko Geneva uliwapa wapenzi wa redio nafasi mpya karibu na megahezi 10, 18 na 24; HW-101 haikutengenezwa kwa nafasi hizo.

Tusikate shauri upesi. Wazee walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mashine nyingi za siku hizi zina vipande vidogo mno, na vingine vilitengenezwa kwa mashine ya namna ile tu. Kiwanda kikiacha kuvitengeneza, hata fundi hodari hushindwa. Ile ya zamani huugua mara nyingi, walakini dawa yake yapatikana. Hii mpya huugua mara chache, lakini pengine ugonjwa wake wa kwanza ndio wa mwisho.

Basi tupime kwa kipimo gani? Naona mambo matatu.

Kwanza, mtu ajiulize anataka kazi gani. Akitaka kujifunza na kuutunza ufundi, kutengeneza ni faida hata ikigharimu zaidi. Akiwa ni mtu anayetegemewa na wenzake siku ya tufani, hana haki ya kuwapa mashine isiyoaminika kwa sababu tu yeye aipenda.

Pili, awafikiri jirani. Hewani hapana ukuta wala ua. Mashine inayohama humwingilia mwingine katika mazungumzo yake, na ikipita mpaka uliowekwa na sheria, mwenyewe ana hatia. Mapenzi ya mtu kwa chombo chake yasiwe mzigo wa watu wengine.

Tatu, aupime ujuzi wake kwa kweli. Ndani ya mashine hizo umeme hupita volti 600, na kapasita huweza kuushika hata baada ya kuzimwa. Asiyejua akitia mkono ili aokoe fedha kidogo, aweza kupoteza uhai. Huko si kuweka akiba.

Mtu atauliza, "Ukiisha kubadili kapasita, vali na nyaya, je, ni mashine ile ile?" Namjibu kwa jembe. Mkulima hubadili mpini mara nne na bamba mara mbili, naye bado huliita jembe lake, wala hakosi, kwa kuwa kazi ni ile ile na mkono unaolijua ni ule ule. Lakini ujuzi wa mkono ukiisha, kinachobaki ni chuma tu. Kwa hiyo mzee mwenye HW-101 atafanya vema kumwita kijana na kumfundisha, kuliko kumwachia sanduku zito asilolijua.

Hukumu yangu ni hii: kitengenezwe, maadamu chaweza kufanya kazi yake pasipo kumdhuru mtu, na yuko ajuaye kukitengeneza. Mojawapo likikosekana, kiachwe bila majuto. Na kikiuzwa, mnunuzi aambiwe kila ugonjwa wake, maana kuuza kitu kibovu kwa kunyamaza ni kuiba kwa ulimi uliofungwa.

Ndugu msomaji, pengine huna mashine ya redio, lakini una baiskeli, au cherehani, au taa. Siku itakapokusumbua, jihadhari na hila mbili za moyo: tamaa ya kitu kipya hujiita haja, na uvivu wa kuachana na kibovu hujiita uaminifu. Ukizitambua hizo mbili, hesabu ya fedha itakuwa nyepesi.