Valiant ya Babu Yenu

Wanangu, kaeni. Haya nimekwisha kuyasema, nanyi mmekwisha kuniitikia "ndiyo, mzee", kisha kila mtu akaenda zake. Nayarudia.

Mnaniambia hapa ni Marekani, magari ya kale yana wenyewe: matajiri, makumbusho, minada. Ni kweli. Tucker za 1948 ziliundwa 51 tu Chicago, na hadi leo 47 zipo, kwa kuwa zilijulikana mapema kuwa ni adimu. Hizo hazinikoseshi usingizi. Kinachoniuma ni gari la kawaida, ambalo kila mtu hudhani jirani analo.

Pale Greenfield, Ohio, Frederick Patterson alirithi karakana ya magari ya farasi kwa baba yake. Mwaka 1915 akatoa gari la injini, bei dola 685. Mtu Mweusi, mwenye kiwanda chake cha magari, zama zile! Leo halijulikani lilipo hata moja. Sidhani kuna aliyekusudia kuyapoteza. Yaliendeshwa, yakachoka, yakauzwa kwa kilo, basi.

Mwaka 2009 serikali ililipa watu wasalimishe magari yaliyokula mafuta mengi. Oili ilimwagwa, ikatiwa dawa ya sodiamu silikati, injini ikawashwa mpaka ikakaba. Karibu magari 680,000. Mengi, kusema haki, hata mimi nisingeyalilia, na hewa safi nayo ni haki ya watoto. Lakini nani aliyekaa akachagua mawili matatu ya kubakiza?

Sasa hii Plymouth Valiant ya 1972. Milango minne, silinda sita zilizoinamishwa upande, haina fahari yoyote. Ilitoka Hamtramck, katika kiwanda ambacho babu yenu alikiingia kila alfajiri na ambacho kilibomolewa 1981. Fungueni boneti, mulikeni bati lililo kati ya injini na dashibodi: mtaona alama za chaki za mfanyakazi aliyelikagua. Mkono wa mtu ule, wanangu. Anayetaka kupiga msasa na kupaka rangi nyekundu iwake, ajue anaufuta.

Tangu 2014 Marekani ina sajili ya taifa ya magari ya kihistoria. Gari hupigwa picha, likaandikwa habari zake, na kumbukumbu zikawekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Letu halitafika huko, wala sidai. Ila kazi ni ileile: kusanyeni risiti zake, na kile kibandiko cha kubadilisha oili kilichoko mlangoni msikibandue. Kutu izuieni isiendelee, mikwaruzo iacheni. Toeni petroli iliyochacha, betri ikae ndani, mashimo ya panya yazibwe kabla ya baridi. Tairi nitanunua mimi. Bima gawaneni wenyewe, pensheni yangu haifiki huko.