Simu Iliyolia Mara Moja

Wajukuu zangu, hili nimelisema sebuleni, nimelisema matangani, nikalisema kwenye chama cha akina mama kule Nyalenda. Leo naliandika, kwa sababu sauti nayo huchoka.

Simu ikilia mara moja ikakatika, na namba ni ya ng'ambo usiyoijua, usiipigie. Neno lenyewe ni hilo tu. Yaliyobaki ni kutafuta sababu ya nyinyi kuitikia "ndiyo, mzee" mchana, kisha usiku mkapiga.

Sababu ya kwanza ni malezi. Simu za mkononi zilipoenea huku miaka ya mwanzo ya 2000, kredo ilikuwa ghali, na aliyeishiwa alimflash mwenzake: mlio mmoja, anakata. Maana yake ilijulikana na kila mtu, kwamba nipo, nipigie wewe mwenye uwezo. Mwanafunzi alimflash babake. Mvuvi wa Mbita alimflash mchuuzi wake kumjulisha kwamba mtumbwi umefika. Aliyeona flashi akanyamaza alihesabiwa mchoyo, na kampuni za simu zenyewe zikaja na ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie. Adabu hiyo ni njema na siitukani hata kidogo. Ila kuna mtu ameketi mbali ambaye ameisoma kuliko tulivyoisoma sisi wenyewe.

Sababu ya pili ni saa anayoichagua. Simu ya saa nane usiku, kwetu, ni simu ya msiba. Nani atalala tena? Mkono unatangulia, akili inafuata baadaye, na huo muda mdogo kati ya mkono na akili ndio unaomlisha tapeli.

Nilikaa kwenye swichibodi enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999, kwa hiyo niacheni niwaeleze pesa inavyotembea. Simu ikitoka nchi hii ikaingia nchi ile, kampuni ya huku huilipa ya kule kwa kuipokea. Ziko nchi ambako ada hiyo ni kubwa, na huko namba hukodishwa kwa mafungu, mkodishaji akigawiwa chake katika kila dakika inayopita. Tapeli anakodi fungu, anaiachia kompyuta ipige maelfu ya simu na kuzikata kabla hazijapokelewa. Yeye hagharimiki, kwani simu isiyopokelewa hailipiwi. Wewe ukirudisha, unakaribishwa na muziki, au sauti ya mtu anayekwambia usubiri. Wengine wana ujanja mbaya zaidi: wanakuwekea mlio uliorekodiwa wa simu inayoita, ukadhani hujapokelewa, na huku kredo inayoyoma. Hila hii ilivuma kwanza Japani, na ndiyo maana kampuni za simu huiita kwa neno la Kijapani, Wangiri. Walioko Dunga wanaijua kazi ya omena: taa huwashwa juu ya maji usiku wa giza, na hakuna anayemfukuza omena; huja mwenyewe, kama wewe unavyopiga mwenyewe.

Mtu wa Nairobi atawaambia kwa mkato, namba isiyoanza na 254 achana nayo. Kwake ni rahisi. Huku ziwani, mama anayeuza samaki Usenge au Port Victoria ana wateja wa +256, Uganda, na wengine wana ndugu upande wa Musoma na Mwanza, +255. Tapeli naye huja na +257, ya Burundi, au +252, ya Somalia, au +269, ya Komoro, na kwa macho yaliyochoka, gizani, tarakimu moja ni nini? Sisemi kila simu ya nchi hizo ni ya wizi. Watu wa Burundi nao wana jamaa zao. Nasema usome tarakimu tatu baada ya alama ya kujumlisha kabla kidole hakijabonyeza. Ukiona huna mtu huko, basi huna mtu huko.

Kinachoniuma zaidi ni wanaokopa. Kredo imekwisha, mtu anaomba mkopo wa Okoa Jahazi, anakatwa asilimia 10 papo hapo, kisha anaitumia kredo iliyobaki kumpigia mgeni asiyemjua. Asubuhi ana deni, na bado hajui nani alikuwa anamtafuta! Na bando za kupiga ndani ya nchi hazimsaidii, kwa kuwa simu ya ng'ambo hutozwa kivyake.

Nisiwatie hofu isiyo na msingi, maana hofu nayo ni mtaji wao. Yule anayesambaza kwamba ukipokea tu M-Pesa yako inafagiliwa, anasambaza uvumi. Kupiga kunakula kredo. Akaunti ya M-Pesa inalindwa na namba ya siri, na hiyo huibiwa kwa maneno: jamaa anajiita mhudumu wa kampuni, au analia kwamba alikutumia pesa kimakosa, au mtoto wako ameanguka shuleni na daktari anataka malipo sasa hivi. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 tu, na namba ya tapeli hutumwa kwa 333 bila malipo. Sheria ya uhalifu wa mitandao tunayo tangu 2018, lakini aliyekuchukulia shilingi hamsini akiwa bara jingine hatafutwi na askari wa Kondele, na hasara yenyewe ni ndogo hivi kwamba hakuna hata anayekwenda kuripoti. Kampuni ikifunga fungu moja la namba, wanahamia lingine.

Ukiwa umeshapiga, kata. Usisubiri kusikia mwisho wa muziki.

Wanaonihangaisha ni akina mama ambao binti zao wako Riyadh au Doha. Huwezi kumwambia mama huyo asijali simu ya ng'ambo. Hiyo ndiyo anayoisubiri mwaka mzima. Kwa hiyo jioni hii chukueni simu yake, mwandikieni namba ya binti kwa jina, na ya rafiki anayeishi naye, na mpatane naye binti kwamba akikwama ataita hadi apokelewe, au ataacha ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mwambieni pia aache kumflash mama yake.